Risasi Tano na Ungo wa Mama Mkwe

Mume wangu hanywi, havuti, na mpira huenda kuutazama kwa rafiki zake ili asilipie chaneli. Kwa hiyo siku niliyotoa risiti mfukoni mwa suruali yake kabla ya kuitia kwenye mashine ya kufulia, nikaona zaidi ya dola 50 na bidhaa moja tu, kisanduku cha risasi 5, niliirudia kuisoma nikidhani nukta imekaa pasipo pake. Ilikaa pake. Kila risasi ililipiwa bei ya kuku mzima wa duka la halali, aliyekwisha kuchinjwa, kunyonyolewa na kukatwa vipande vinane.

"Baba Salma," nikamwita, "hizi risasi za kumpiga nani?"

"Bata mzinga."

"Na bata mzinga mwenyewe dukani anauzwa bei gani?"

Swali la tatu sikuliuliza, maana alikwisha kutoka nje kwenda kukagua matairi ya gari ambayo hayakuwa na neno.

Tunaishi katikati ya jimbo la Missouri, nje kidogo ya mji wa Columbia, pale nyumba zinapoishia na mashamba ya mahindi na soya yanapoanza. Nyuma ya ua wetu ni shamba la mzee mmoja ambaye watoto wangu wamempa jina la Babu Trekta, na mwenyewe ameliridhia. Kila mwezi wa Machi, theluji ikishayeyuka, bata mzinga wa mwituni hutoka kwenye miti ya kando ya kijito wakaja kuparua kwenye mabua ya mwaka uliopita. Madume hujifutua, hukunjua mikia, na vichwa vyao vikageuka rangi, nyekundu, nyeupe na buluu, kwa jinsi wanavyotaka kuonwa na majike. Mume wangu alikuwa na desturi ya kuwatazama dirishani, kikombe cha chai mkononi, bila nia mbaya. Mpaka Babu Trekta alipomwambia: msimu huu nitakufundisha kuwinda, na bunduki utatumia yangu.

Watu wa huku wanamheshimu sana ndege huyu, na wana haki. Katikati ya karne iliyopita alikuwa amebaki kidogo sana, amejificha kwenye vilima vya Ozark kusini mwa jimbo, baada ya misitu kukatwa na watu kuwinda bila kujua kesho. Idara ya Uhifadhi ya Missouri ikawa inawatega wale waliobaki na kuwahamishia sehemu nyingine, mpaka mwaka 1960 ukafunguliwa msimu wa kwanza wa masika wa zama hizi. Ndiyo maana sheria zao hazina mzaha. Masika hapigwi ila dume, au ndege mwenye ndevu zinazoonekana, yaani kile kishungi cha manyoya yaliyo mfano wa nywele kinachoning'inia kifuani. Kumwekea chambo cha nafaka ni marufuku. Na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baada yake sharti asome kwanza kozi ya usalama wa bunduki. Mume wangu aliisoma, akafaulu, akakibandika cheti kwenye mlango wa friji, juu ya ripoti za shule za watoto.

Kozi haikumshinda. Kilichomshinda ni rafu ya risasi.

Kisanduku cha kwanza alichorudi nacho kilikuwa na marisau namba 2, ya kupigia bata bukini. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege mkubwa anataka chembe kubwa. Babu Trekta alikitazama, akatikisa kichwa, akamwonyesha mstari kwenye kitabu cha sheria: kwa bata mzinga, marisau yasizidi ukubwa wa namba 4. Na katika hesabu hii namba inapopanda, chembe inapungua. Namba 2 ni kubwa kuliko 4, na 4 ni kubwa kuliko 9. Kisanduku cha pili kilikuwa na namba halali, lakini urefu wa risasi ulikuwa inchi 3 na nusu, na bunduki ya mzee imeandikwa ubavuni mwa mtutu inchi 3. Duka halirudishi risasi zikishavuka mlango. Kwa hiyo tukawa na visanduku viwili juu ya kabati, kimoja kimekatazwa na serikali, kingine kimekatazwa na bunduki.

Cha tatu ndicho kile cha risiti.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Alishuka uwanja wa ndege wa St. Louis na makoti mawili ya kuazima, na juu ya mizigo yake, umefungwa kamba ya katani, ungo. Nilimwambia kwa simu mara kadhaa kwamba mchele wa huku hauna mawe. Akanijibu, "Mwanangu, mchele usio na mawe haujatazamwa vizuri." Kila Ijumaa akikaa barazani na ungo wake, anaupepeta mchele ambao kiwanda kilikwisha kuupepeta, na Babu Trekta akipita na trekta lake anamwinulia kofia.

Ilikuwa Ijumaa ya namna hiyo, mvua inanyesha, mama mkwe kahamia meza ya jikoni na mchele wa pilau, ndipo mume wangu na mzee wake walipoingia na visahani vyangu viwili vya vikombe vya chai. Walikuwa wamekaa upenuni, wamezipasua risasi mbili kwa kisu cha mfukoni, baruti wakaimwaga kwenye majani yenye maji. Walitaka meza yenye mwanga waone tofauti. Kwenye kisahani kimoja mlikuwa na marisau ya madini ya risasi, namba 5, yamepakwa shaba. Kwenye cha pili, tungsteni, namba 9, kutoka kwenye kile kisanduku. Namba 5 ungeweza kuziokota kwa ncha za vidole, mviringo, unene wake milimita 3. Namba 9 zilikuwa punje za ulezi, kijivu, zinateleza na kukimbizana kwenye kauri hata kabla hujagusa.

Binti yangu Salma, mwenye miaka 13 na kupenda hesabu kuliko vyombo, akafundishwa kanuni ya wawindaji: toa namba ya marisau katika 17, jibu ni unene wa chembe kwa vipande vya mia vya inchi. Kumi na saba toa tisa, nane. Nane ya mia ya inchi ni kama milimita 2. Akapiga na hesabu ya ujazo bila kuombwa, akatuambia kwamba chembe ya namba 5 ina ujazo zaidi ya mara tatu ya namba 9.

"Sasa hivi vidogo vitamuua nani?" nikauliza.

Hapo ndipo mume wangu alipokuwa akipangojea kwa wiki nzima. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi, akasema, ina uzito wa gramu 11 hivi. Chuma hakifiki 8. Hii tungsteni iliyochanganywa inafika 18. Chembe ndogo inapasua hewa kwa urahisi, na ikiwa nzito haichoki njiani. Basi namba 9 ya tungsteni inapenya sawasawa na namba 5 ya kawaida au kuizidi. Na kwa kuwa ni ndogo, kwenye risasi ya uzito uleule zinaingia mara mbili. Huku zipo 300 na kitu. Huku zinapita 600. Bata mzinga hapigwi mwilini, maana mbawa na manyoya yamemfunika na nyama ya kifua itaharibika. Anapigwa kichwani na shingoni, kwenye ubongo na mifupa ya uti, mahali pembamba sana. Chembe zikiwa nyingi, hapana nafasi ya kupenya kati yake.

Alisema vizuri. Nilikuwa karibu kusamehe dola kumi za kwanza. Bahati mbaya akaona maneno hayatoshi, akanyanyua kile kisahani cha tungsteni anionyeshe uzito wake, na Idi, mdogo wake Salma, akapita chini ya kiwiko chake akikimbiza paka.

Chembe mia sita na zaidi zikaingia kwenye ungo.

Pakawa kimya. Babu Trekta, ambaye hajui Kiswahili, alielewa kila kitu kwa kumtazama mama mkwe usoni, akavua kofia na kuishika kifuani. Mume wangu akaanza kuzifuata kwa kidole, moja moja, na kila akiigusa moja zinazama tatu.

"Ondoa mkono," mamaye akamwambia.

Akaushika ungo kwa mikono miwili, akauinamisha kidogo upande wa kifuani, akaanza. Anarusha, anapokea, anatikisa, anarusha. Kwa kawaida makapi hutangulia mbele na mchele hubaki nyuma. Safari hii mchele wenyewe ndio uliotangulia. Kila mrusho mchele ulisogea kwenye ukingo wa mbele na ile kijivu ikabaki nyuma, karibu na vidole gumba, mstari mwembamba uliozidi kunenepa. Haikuchukua hata dakika kumi. Akausukumia mchele kwenye sufuria kwa upande wa kiganja, akamimina marisau kwenye kisahani, akakipimapima mkononi.

"Hii nzito kuliko ya marehemu kaka yangu," akasema.

Mume wangu akageuka. Hakuwahi kusikia kwamba mjomba wake alikuwa na bunduki.

Kumbe alikuwa nayo, gobori, ya kushindiliwa mdomoni, huko kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Akipiga kanga na kwale kwa marisau. Na kazi ya mama mkwe, msichana wa miaka tisa au kumi, ilikuwa kukaa nyuma ya kaka yake na kisu, na ukisikia mlio unatoka mbio. "Moshi haujatawanyika nishafika. Ukichelewa, unakuta nyamafu, na kipigo nyumbani unakula wewe, siyo mwenye bunduki." Akakitua kisahani mezani. "Huyo bata wako atakuwa amesimama wapi?"

"Yadi 40, Mama. Mita kama 37. Lakini kwa risasi hizi watu wanampiga hata yadi 60, nimeona kwenye video."

"Na kwa goti hilo lako la kushoto, yadi 40 utazikimbia kwa muda gani?"

Salma akamtafsiria Babu Trekta, na mzee akacheka mpaka akaketi.

Pilau ililiwa usiku ule, tamu, na katika sahani zetu zote chembe moja tu ndiyo iliyoukwepa ungo. Ikaenda kwa mwenyewe. Tulisikia wote, *kak*, halafu mume wangu akaacha kutafuna na macho yakamtoka. Marisau ya kawaida ni laini, jino linaweza kuyabonyeza. Tungsteni haibonyei. Gego likapasuka. Bei ya kuvisha jino kofia sitaiandika hapa; anayeishi Marekani anaijua, na asiyeishi hataamini.

Mjadala wa kisu ukaendelea juma zima, sasa kwa sauti za WhatsApp kati ya jikoni kwangu na sheikh mmoja wa Tanga. Sheikh alieleza kwa utaratibu. Ukitaja jina la Mungu unapofyatua, chembe zikamtoboa, ukamkuta amekwisha kufa, wanazuoni wengi wa siku hizi wanasema analika. Ukimkuta yu hai, lazima umchinje. Aliyekufa kwa kishindo cha kupigwa bila kutobolewa, huyo hapana. Ila, akaongeza, pwani yetu wapo wazee ambao kwa marisau hawali kabisa isipokuwa amepata kisu, na hao usiwalazimishe.

Mume wangu alishika sehemu ya katikati kwa furaha kubwa. "Umesikia, Mama? Cha muhimu ni kutoboa. Na hakuna kinachotoboa kuliko tungsteni."

"Mie simli nyamafu," mama mkwe akasema, "hata awe katobolewa kwa dhahabu."

Sijawahi kuona dini ikitumiwa kutetea risiti. Lakini pia nilimwelewa mume wangu. Mwanamume akishatumia fedha kwenye kitu kisichohitajika, kitu hicho hugeuka kuwa cha lazima kuanzia siku ya pili, na kila anayeingia mlangoni hutakiwa kutoa ushahidi.

Jumamosi wakaenda kupima bunduki. Nilifuata na thermosi, kwa sababu nilitaka kuona dola zangu zinavyoruka. Babu Trekta alikuwa ametundika makaratasi mapana ya kufungia nyama kwenye fremu ya mbao, katikati ya kila moja doa la wino. Nyuma yake kilima cha udongo. Mtutu wa bunduki hii ni geji 12, na mdomoni mwake unafungwa kibano, kipande cha bomba la chuma chenye tundu linalopungua kidogo, kazi yake kuyabana marisau yasitawanyike mapema. Zipo za kubana kidogo na za kubana sana. Mume wangu alikuwa amenunua ya kubana sana kuliko zote. Hiyo risiti ilikuwa nyingine.

Alipofyatua, bega lilirudi nyuma na kofia ikaenda mbele. Risasi nzito za bata mzinga zina teke baya, na ukilala kwenye kitako cha bunduki vibaya unapata alama ya buluu kwa wiki mbili. Alipata. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, sikusema neno, na kutosema kwangu kulimuuma kuliko bega.

Makaratasi yaliletwa sebuleni, yakatandikwa juu ya busati, na familia nzima ikapiga magoti kuhesabu matundu. Kipimo chao ni duara la inchi 10, kama sentimita 25, na wawindaji wengi wanataka chembe 100 ndani yake ndipo waseme umbali huo unafaa. Salma alichora duara kwa uzi na penseli. Idi akapewa kalamu nyekundu atie alama kila tundu lililohesabiwa, na alitia nyingine kwenye busati.

Kwa yadi 40 marisau ya kawaida hayakufika 100. Palikuwa na uwazi ambao kichwa cha ndege kingepita salama. Kwa yadi 30 yalitosha na kuzidi. Tungsteni kwa yadi 40 ilipita 200, na mume wangu akasimama, akaninyooshea karatasi. Niliitazama. Duara lilikuwa limejaa kweli. Tatizo ni kwamba Salma alilichora pale matundu yalipokuwa mengi, na doa la wino, mahali alipolenga baba yake, lilikuwa shibiri nzima juu yake, upande wa kushoto.

"Kwa hiyo ungempiga magotini," nikasema.

Kumbe ndilo jambo ambalo Babu Trekta alikuwa akilisema tangu mwanzo, taratibu, kwa mtindo wake wa kutazama kiatu. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kuipenda risasi tofauti. Kisanduku hakijui mtutu wako. Usipopiga kwenye karatasi hujui kitu, hata ulipe kiasi gani. Karatasi ya yadi 20 ndiyo iliyonishangaza mimi zaidi. Tungsteni na kile kibano cha kubana sana vilikuwa vimetoboa tundu moja tu la ukubwa wa ngumi, pembe zimechanika. Mume wangu aliliona ni uzuri. Mzee aliliona ni hatari: ndege akiwa karibu, anatikisa kichwa, na wewe una ngumi moja tu ya kumlenga nayo, utamkosa, na utamkosa wote.

Msimu wa kawaida Missouri hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, na unaruhusiwa kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Mume wangu aliondoka nyumbani saa kumi usiku, akaswali alfajiri chini ya mwaloni, kwenye nyasi zenye umande, Babu Trekta akimngojea na chupa ya kahawa. Hayo nimesimuliwa, sikuwepo; lakini nimesimuliwa na wote wawili kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yanapishana mahali pamoja tu.

Kumwita dume ni kumdanganya. Kwa kawaida jike ndiye anayemfuata dume anayelia. Mwindaji anakaa chini, mgongo umeegemea mti, anaiga sauti ya jike asiyetaka kuja, mpaka dume akose subira. Mzee alikuwa na kisanduku cha mbao ambacho kifuniko chake kikisuguliwa kinatoa sauti hiyo. Dume likajibu juu ya mti. Likashuka. Likaja, hatua kwa hatua, mpaka mume wangu akawa anasikia mbawa zake zikiburura chini. Kumi na mbili, labda kumi na tano, ndizo yadi alizokuwa nazo. Akasema bismillahi, akafyatua tungsteni kupitia kibano kile.

Zile chembe 600 zikapita pembeni mwa shingo kwa pamoja, hata moja haikubaki nyuma. Dola 11 zikaingia kwenye mwaloni. Ndege akaruka, akaenda kwa jirani wa upande wa pili, na kwa mujibu wa Babu Trekta hakuonekana kuwa na haraka.

Jioni ile mume wangu hakutaka kula. Mama mkwe alimwekea uji wa pilipili manga, akaketi mbele yake. "Alikuja karibu?"

"Karibu sana, Mama."

"Basi si ndiyo tunayotaka? Wee umenunua risasi ya kumpiga aliye mbali, halafu unamwita aje karibu. Amua moja."

Aliamua. Siku iliyofuata kibano cha kubana sana kilifunguliwa, kikawekwa cha wastani, na mzee akatoa kwenye kopo la biskuti risasi zake mwenyewe, namba 5 za kawaida, ambazo kwa siku hizi unapata kisanduku kizima kwa bei ya moja na nusu ya zile. Kupima tena kwenye karatasi, yadi 25, duara likajaa na doa likawa katikati. Mama mkwe aliomba aione karatasi. Akaitundika jikoni.

Aliyepatikana alipatikana asubuhi ya mvua nyepesi, kwenye yadi 20, dume la kilo tisa na ushee. Mume wangu alianguka mara moja njiani, goti la kushoto lilelile, na aliyemfikia ndege mwanzo alikuwa Babu Trekta, ambaye alikwisha kufundishwa na Salma. Akamshika miguu, akamwelekeza upande aliotakiwa, akangoja. Kisu kikafanya kazi yake. Kibali kikatiwa alama palepale na taarifa ikapelekwa kwa Idara siku ileile, kama inavyotakiwa, kabla ya saa nne usiku.

Lakini nyumbani pia palikuwa na idara. Mama mkwe hakumgusa ndege mpaka shahidi aletwe. Babu Trekta alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha jikoni, na Salma akasimama katikati yao.

"Muulize: ulipomshika, alikuwa hai?"

Alikuwa hai.

"Alikuwa hai, au alikuwa anarukaruka? Ndege huruka hata akiwa hana kichwa. Mie nimechinja kuku tangu huyu hajazaliwa."

Mzee akafikiri. Akasema ndege alimtazama, akapepesa jicho.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alipepesa mara moja. Mimi nina wasiwasi hata na hiyo moja, lakini sikuitwa kutoa ushahidi. Mama mkwe akatazama macho ya mzee kwa muda, akavuta kanga kichwani, akaniagiza maji ya moto ya kunyonyolea.

Manyoya yalijaa bafu zima. Mpaka leo yanatoka nyuma ya mashine ya kufulia. Kifua tulikikata minofu myembamba ya mishkaki, ikizidi motoni kidogo tu inakauka. Miguu na mapaja yana mishipa migumu, hiyo ilichemka nusu siku ndipo ikaingia kwenye tui. Shingo na nyama ya jirani na majeraha niliitupa, maana madini ya risasi hayafai kuliwa, watoto hasa, na marisau yakipita yanaacha vipande usivyoviona. Mama mkwe alipitisha vidole kwenye kila mnofu kwa mwendo uleule wa kuchambua mchele, akatoa chembe mbili, akaziweka kwenye kisahani. Mume wangu alikula upande wa kulia tu.

Nilidhani yamekwisha. Vilikuwa vimebaki risasi moja ya zile za dola 11, visanduku viwili visivyotumika na kibano, na nikawa nimekwisha kumtafutia mnunuzi kati ya wenzake kazini.

Kumbe Missouri ina wikiendi ya vijana kabla ya msimu wa kawaida, kwa wenye miaka 6 hadi 15, wakiwa na mtu mzima. Na Salma, aliyehesabu matundu yote yale, alikuwa amekwisha kujiandikisha kwenye kozi. Baba yake alinijia na hesabu safi. Geji 12 itamuumiza bega. Geji 20 ni nyepesi, teke lake dogo, lakini inabeba marisau machache. Ndiyo sasa tungsteni inapopata kazi, kwa kuwa hata kwenye risasi ndogo chembe zake ni nyingi. Kwa mtoto mwenye mkono mwepesi, akasema, zile dola kumi na kitu si anasa tena.

Nilitafuta kosa, sikuliona. Babu Trekta naye aliunga mkono, ila akatoa onyo moja, akilirudia mpaka Salma alitafsiri kwa kuchoka: risasi za geji 20 hutengenezwa za njano kwa makusudi, kwa sababu ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza ndani ya mtutu na kukwama mbele, usipoiona ukatia nyingine nyuma yake ukafyatua, mtutu unapasukia mkononi. Zisiwekwe pamoja. Zisichanganywe mfukoni, wala kwenye droo, wala kwenye gari.

Kwa hiyo nimenunua makabati mawili ya chuma yenye kufuli. La geji 12 liko gereji. La geji 20 liko chumbani kwetu, halina kitu, linangoja. Mama mkwe, kabla ya kupanda ndege, alimwachia Salma kisu chake na kumwambia baba yake kwamba safari hii mwenye mbio akae mbele. Funguo zote mbili ninazo mimi. Mume wangu amesema akilipa deni la jino tutazungumza, nami nimemwambia alete kwanza risiti.